Aliyekatazwa Kufaulu

Jumamosi ile niliandika swali ubaoni nikiwa nimekusudia kuwadanganya watoto. Shamba la mstatili lina urefu wa mita kumi na nne na upana wa mita tisa; tafuta eneo lake. Chini yake nikapanga majibu matano, A mpaka E, na katika hayo matano hakuna hata moja lililokuwa sahihi. Jibu ni mia moja ishirini na sita, nami sikuiandika mahali popote.

Utaratibu wetu waliujua. Ninaandika swali, wanakokotoa, nikigonga ubao wote wanafumba macho na kuinua vidole: kimoja kwa A, viwili kwa B, mkono mzima kwa E. Niliubuni baada ya kuchoshwa na shingo zinazorefuka kuelekea daftari la jirani. Macho yakifumbwa hakuna wa kuibia, na aliyekosa hachekwi, maana hakuna aliyemwona ila mimi.

Nikagonga ubao. Wengi walionyesha vinne, kwa kuwa jibu la D lilikaribia. Wachache walionyesha viwili, hao walikuwa wametafuta mzingo badala ya eneo, kosa lao la kila wiki. Mmoja wa nyuma alinyanyua vitatu huku anatabasamu, anabahatisha waziwazi wala hajifichi. Mikono yote ilikuwa juu isipokuwa ya binti mmoja. Yeye aliiacha juu ya dawati, paji la uso limekunjamana. Akafumbua macho kinyume cha sheria, akatazama ubao, akatazama daftari lake, akarudi ubaoni. Alikuwa anaitafuta mia moja ishirini na sita yake.

Nilikuwa nimemtegea yeye peke yake, na mtego ulinasa. Sikufurahi hata kidogo.

Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni kupima maji. Nachukua sampuli kwenye visima na mabomba, nazirudisha maabara, naandika kama watu wanywe au wachemshe kwanza. Nilihamishiwa Songea kutoka Tanga, na mwaka wa kwanza nililia sana kwa ajili ya baridi ya mwezi wa saba, wala sioni aibu kusema. Wa pili nilianza kuzoea. Wa tatu, katekista wa kigango kimoja cha Wakatoliki pale Msamala alinisikia nikimgombeza mtoto dukani aliyeshindwa kukokotoa chenji, akaniambia kama nina hasira nyingi hivyo na hesabu, nije nizitumie mahali panapofaa. Akanipa chumba cha mafundisho nyuma ya kigango, kila Jumamosi asubuhi, niwasaidie watoto wa darasa la saba ambao kwao hakuna wa kuwalipia masomo ya ziada. Kina mama wa kigango walinitania kwamba Noeli haitafika kabla sijabatizwa. Nikawajibu kwamba Ramadhani haitafika kabla hawajafunga. Tukaelewana.

Watoto wenyewe walikuwa wa wachoma tofali, wabeba mizigo wa sokoni, na kina mama wanaouza mchicha uchochoroni. Wengi wao walikuwa na mguu mmoja mjini na mwingine shambani. Mvua zikianza, mama anafunga chumba cha Msamala, anarudi Lusewa au kwingineko alikozaliwa, analima mahindi na mpunga, na mtoto anaondoka naye. Mvua zikikatika wanarudi, mtoto amesahau hata jedwali la kuzidisha. Nilikuwa nikikasirika kila mwaka. Nilikasirikia wazazi, nikakasirikia mvua, nikakasirikia hata mahindi.

Binti huyu naye alikuwa wa Lusewa, na kila msimu wa kilimo alikuwa akipotea kama wenzake. Tofauti yake ni kwamba akirudi alikuwa hajasahau kitu. Alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye tabia moja ya kuudhi: ukikosea ubaoni hasemi, anakutazama tu mpaka ugundue mwenyewe. Nilimpenda kuliko wote, na kama kuna mtu anasema mwalimu hana kipenzi darasani, huyo hajafundisha.

Basi mwezi wa saba, baada ya mtihani wa majaribio pale shuleni kwao, alianza kuanguka. Kwanza nilidhani anaumwa. Nikadhani njaa, nikaleta uji. Nikadhani mvulana, nikamchunguza mpaka nikajiona mchawi. Kila nilipogonga ubao yeye aliinua vidole visivyo. Na hapo ndipo akili yangu ya maabara ilipoanza kuwasha. Mtu asiyejua kitu akibahatisha maswali mengi, bahati nayo ina zamu yake. Atakosa, atakosa, halafu mara moja atapatia. Binti huyu hakupatia hata moja. Wiki baada ya wiki, hata moja. Maabara tukiona matokeo yaliyonyooka namna hiyo hatuulizi maji, tunamuuliza aliyeyachota. Ili kukwepa jibu sahihi kila mara, sharti ulijue kila mara. Ndiyo maana nikaandika swali lisilo na jibu: anayebahatisha atachagua lolote, na anayekwepa atakosa cha kukwepa.

Darasa lilipotawanyika nilimwambia abaki afagie. Alifagia chumba kizima bila kuniangalia. Nikamuuliza eneo la lile shamba ni ngapi. Akasema mia moja ishirini na sita. Nikamuuliza tangu lini anajifanya mjinga mbele yangu. Akaendelea kufagia pale pale alipokwisha kufagia.

"Madam, nisikudanganye," akasema mwishowe. "Mama kanikataza kufaulu."

Nilimwambia arudie. Akarudia, kwa sauti ile ile ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mama yake alikuwa amemketisha baada ya matokeo ya majaribio, kwa sababu jina lake lilisomwa la kwanza, na akamwapiza. Alimwambia akifaulu mtihani wa mwezi wa tisa asimwite mama tena, na maziwa aliyonyonya yamtokee puani. Kwa hiyo alikuwa anafanya mazoezi ya kukosa. Alisema kukosa ni kugumu, mkono unataka kwenda kwenye jibu wenyewe, asipojizoesha atajisahau siku ya mtihani.

Nilisikia moto unapanda kuanzia miguuni. Nikamwambia apuuze, mtihani ni wake na maisha ni yake, ajibu anavyojua na Mungu atamwelewa. Alinitazama kwa yale macho yake ya kunisubiri nigundue kosa.

"Neno la mama huwezi kulifuta wewe, madam," akasema. "Kwetu analiondoa aliyelisema, kwa maji. Anavuta funda anakupulizia kifuani. Asipokupulizia, unatembea nalo."

Sikutaka kusikia habari za mafunda. Nilifunga chumba, nikamrudishia katekista ufunguo, nikaenda moja kwa moja kwa mama mtu, jua la saa saba kichwani.

Alikuwa amekaa kibarazani pa nyumba ya kupanga, mbele yake ndoo ya togwa na vikombe vya plastiki. Ndiyo biashara iliyomweka mjini wakati wa kiangazi. Aliotesha kimea cha ulezi mwenyewe, alipika mwenyewe, na wanafunzi na mafundi wa jirani walipita hapo mchana kutwa. Tulilingana umri, labda mimi nilimzidi kidogo. Akanikaribisha kwa heshima, akaniwekea kigoda, akanichotea kikombe kilichojaa mpaka mdomoni.

Nikakishika, nikanusa, nikamuuliza kama haijachacha.

Kwetu hilo ni swali tu. Mimi ni Mwislamu, togwa ikilala siku mbili si togwa tena, na nilishaonywa na wenzangu ofisini kuwa huku mtu anaweza kukunywesha pombe kwa ukarimu. Lakini nilimuuliza mwenye togwa, kibarazani pake, wateja wawili wakiwa wamesimama na vikombe mkononi. Uso wake ulifungwa. Akakichukua kikombe taratibu, akairudisha togwa ndani ya ndoo, akasema hapana mwalimu, sisi hatuuzi kilichochacha. Wateja wakatazamana.

Kutoka hapo mazungumzo yetu hayakuwa na njia. Nilimwita "mama mzazi" kama wanavyoandika kwenye matangazo ya shule. Nilimwambia najua alichofanya. Akasema kama najua, basi nimekwisha maliza. Nikamuuliza ni mama gani anayeomba mwanawe ashindwe. Akanijibu kwamba ni mama aliyekwisha kuona wa kwanza akishinda.

Akanisimulia, si ili nimwonee huruma bali ili kunifukuza. Binti yake mkubwa alifaulu wakiwa Lusewa. Watu walishangilia, kuku alichinjwa. Akapangiwa shule ya mbali na nyumbani, shule ya kutwa isiyo na bweni, ikabidi akae chumba cha kupanga na wenzake, kile wanachokiita geto. Mvua zikaanza, wazazi wakawa mashambani. Yeye mama alipokwenda kumtazama baada ya palizi alimkuta na mimba, wenzake wameshahama, analala peke yake kwenye chumba chenye mlango usio na komeo. Shule ikamtoa. Halafu mtendaji wa kata akamwita yeye mama, kwa sababu mtoto aliyefaulu hayupo shule, akakaa kwenye benchi la ofisi kutwa nzima akiulizwa amemuoza kwa nani. Mtoto aliyefeli, akasema, hakuna anayemuuliza. Aliyefeli anabaki kwa mama yake. Msimu wa kilimo anakwenda na mama yake, wanalala kibanda kimoja shambani, na mama anasikia akipumua.

Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini nilikuwa nimeshapanda juu sana, kushuka sikujua. Nikamwambia kumzuia mtoto mtihani ni kosa la jinai na nitakwenda kwa mtendaji Jumatatu.

"Nenda," akasema. "Ukirudi hutamkuta."

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda kweli. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wa mtendaji nikisubiri zamu. Kando yangu alikuwa baba mmoja aliyeletwa na mgambo, mwanawe hakuripoti kidato cha kwanza. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa akisugua matope kwenye kiatu kwa kidole, akimaliza kimoja anarudia kingine. Akilini nikamweka yule mama pale alipokaa huyu. Nikamwona binti anaingia chumba cha mtihani huku mama yake yuko mahabusu, na lile neno bado liko kifuani. Angejibu nini? Angekosa yote kwa ustadi zaidi. Nikainuka nikaondoka kabla jina langu halijaitwa, na njia nzima nilijitukana, sijui kwa kwenda au kwa kurudi.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Aliyekuwa akikaa naye dawati moja alisema amepelekwa Nalasi kwa dada yake, kusafisha chini ya mikorosho kabla korosho hazijaanza kudondoka. Mtihani ulikuwa umebaki wiki mbili kasoro. Niliandika maswali ubaoni, nikagonga, watoto wakafumba macho, na nikasahau kusoma vidole. Walikaa mikono juu mpaka mmoja akauliza kama washushe.

Wiki ile sikulala. Mume wangu, aliyekuwa Tanga na kazi zake, aliniambia kwenye simu kwamba nimefundisha watoto wengi na nitafundisha wengine, nimwache huyu. Nilimkatia simu. Lililonitesa ni kwamba mimi ndiye niliyemfukuza. Kabla sijapanda pale kibarazani binti alikuwa Msamala, ana kitambulisho cha mtihani, na muda ulikuwepo. Sasa alikuwa kwenye mikorosho, siku nzima ya safari kutoka hapa, kwa sababu nilitaka kushinda.

Nilirudi kwa mama yake siku ya Jumatano, jioni, wateja wakiwa wameisha. Safari hii nilipiga hodi kama watu wanavyopiga, nikasimama mpaka nikakaribishwa. Nikamwambia naomba togwa. Akachota, akanipa, nikanywa kikombe chote mbele yake bila kunusa. Ilikuwa tamu, ya siku ile ile, na nilimwambia hivyo. Akakaa.

Nikasema sikuja na mtendaji. Nimekuja kumwomba amrudishe mtoto afanye mtihani, hata akikosa yote, lakini akose akiwa hapa. Akasema mimi sijui ninachoomba. Akasema kama simwamini, nimsikie aliyeyaona. Akatoa simu yake ndogo iliyofungwa kwa mpira, akampigia binti yake mkubwa kule Nalasi, akamweleza kwamba mwalimu yuko hapa na anamtaka mdogo wake, naye amwambie huyu mwalimu kufaulu kulimpeleka wapi. Halafu akanipa simu. Alikuwa na hakika kabisa. Alikunja mikono kifuani na kungoja shahidi wake aseme.

Dada alinisalimia, shikamoo, sauti yake ya mtu mzima kuliko nilivyotegemea. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia na kuku wakilalamika. Aliuliza kama mama yake anasikia. Nikasema hasikii. Akasema niweke spika.

"Mama," akasema, na simu ikakwaruza. "Mama, mimi sikuharibikiwa kwa kufaulu. Niliharibikiwa kwa kulala peke yangu. Kila siku nakwambia, wewe husikii. Huyu mtoto analia huku usiku. Mimi namleta."

Nilimwona mama akishikilia ukingo wa ndoo kwa mikono miwili. Kule simu ikakatika, sijui salio au mtandao. Tulibaki tunatazama kile kisimu kama kitasema tena.

Kisha akauliza, "Atalala wapi?"

Nilimwambia mtihani ni wa siku mbili tu, atalala hapa hapa. Akatikisa kichwa kwa uchovu, kama mimi ndiye mtoto mzito wa darasa. Aliuliza habari ya mwaka kesho. Akifaulu, mvua zikianza, yeye mama akiwa Lusewa na jembe, kwa sababu bila Lusewa hawali, binti wa miaka ile, kwenye mji huu, atalala wapi?

Nilijibu haraka, kama ninavyojibu kila kitu. Nikasema kwangu. Nina chumba.

Akacheka kidogo, kwa pua. "Ninyi wa maofisini mnawapenda sana watoto wetu, mwalimu. Tunakuja kuwakuta wanafua."

Ilinichoma, maana mtaani kwangu nilijua nyumba kadhaa ambako hilo ni kweli tupu. Nikaapa kwamba atasoma na hatanifulia hata leso. Akasikiliza kiapo chote mpaka mwisho, akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza tangu nifike Songea.

"Na ukihamishwa?"

Ningeweza kusema sihamishwi. Ningeweza kusema nitakwenda naye, au nitamkabidhi mtu mwema, maneno hayo yote yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mimi ni mtumishi, nilihamishwa Tanga nikiwa nimetoka kupaka rangi nyumba yangu. Barua hufika tu.

Nikamwambia, "Nikihamishwa, sijui."

Akanitazama. Nilidhani nimeharibu kila kitu, kwa mara ya pili, mahali pale pale. Alichukua kikombe nilichonywea, akakisuuza, akakifunika juu ya vingine. Akasema giza linaingia, niende nyumbani. Hakusema ndiyo wala hapana, nami sikuthubutu kuuliza.

Nilizijua habari zilizofuata vipande vipande. Kwamba dada amepanda gari. Kwamba gari limeharibika njiani na wamelala Namtumbo. Kwamba wamefika mkesha wa mtihani, mtoto mgongoni, miguu imejaa vumbi. Haya aliniletea katekista, maana mimi nilijizuia nisiende pale. Niliogopa nikienda nitasema kitu. Kwa hiyo nilijua binti yuko mjini, atakuwa chumba cha mtihani, na sikujua atajibu nini. Mkono wake ulishazoea kukosa. Alikuwa ameufundisha vizuri kuliko nilivyomfundisha mimi kupatia.

Asubuhi ya mtihani ilikuwa ya baridi, ukungu umekaa chini. Watu wasiohusika hawaruhusiwi kukaribia, na askari alikuwa langoni, kwa hiyo nilisimama ng'ambo ya barabara karibu na mama anayeuza maandazi, nikanunua moja nisilolila. Watahiniwa walikuwa wakiingia kwa makundi, rula mkononi, sare zimepigwa pasi. Niliwaona wangu wengi. Walinipungia vidole vitano, wakicheka. Yeye sikumwona. Kengele ya kwanza ikapigwa. Nikaanza kuhesabu madirisha ya shule ili nisifikiri.

Wakatokea kwa nyuma, kutoka njia ya mkato, mama mbele na binti nyuma, wanatembea haraka. Mama alikuwa amejifunga khanga mbili kwa ajili ya baridi. Langoni akasimama, akamsukuma binti kidogo begani, aingie. Binti akageuka upande wangu, sijui kama aliniona. Lakini mimi nilimwona. Katika baridi ile, blauzi yake nyeupe ilikuwa imeloa kifuani, doa kubwa la maji bado linashuka kuelekea mkanda wa sketi.

Nililia pale pale, andazi mkononi. Mwenye maandazi aliniuliza kama ni mwanangu. Nikamwambia ana mama yake, yule pale.

Mama yake hakuondoka. Alikaa chini kwenye majani ya ng'ambo, mbali kidogo nami, akifunika miguu kwa khanga. Nikamfuata nikakaa. Tulingoja hapo mpaka watoto walipotoka. Binti alipofika kwetu sikuuliza kitu. Kinywa changu nilikuwa nimekifunga kwa nguvu zote. Mama ndiye aliyeuliza, kama amejibu anavyojua. Binti akasema amejibu, kisha akaongeza kwamba kulikuwa na swali la mstatili, na safari hii jibu lilikuwepo. Mama akaitikia kwa kichwa. Halafu akainamisha uso kwenye khanga na kulia kilio cha msibani, mabega yakitikisika, binti amesimama mbele yake hajui aweke wapi rula. Mimi nilikuwa na furaha kifuani ambayo sikuwa na mahali pa kuitolea. Nikaimeza. Mama huyu alikuwa amempa mwanawe ruhusa ya kuondoka, na alijua kwamba ataondoka.

Alifaulu, bila shaka. Sasa yuko kidato cha pili, shule ya kutwa upande wangu wa mji. Kiangazi analala kwa mama yake. Mvua zikianza, mama anafunga chumba, anamleta kwangu na gunia la mahindi analolibeba mwenyewe, nami silikatai, nimejifunza. Hafui chochote isipokuwa sare yake, na sare yenyewe haziishi kelele zangu kwamba hajasuuza vizuri. Usiku akishalala, napita mlangoni pake nikielekea jikoni. Huwa nasimama kidogo, namsikia akipumua.

Ofisini, kila mara fununu za uhamisho zinapita. Zamani nilikuwa wa kwanza kuziulizia, kwa kuwa nilitamani Tanga. Siku hizi zikianza natoka nje.

Kule Lusewa mtandao unashika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya shamba lao. Kila Jumamosi jioni mama anapanda hapo anapiga simu. Binti anaongea naye amesimama uani, na mimi nasikia kwa sababu kuta zetu ni nyembamba. Masomo hamuulizi. Afya hamuulizi. Anamwuliza kama mwalimu bado yupo, na binti anachungulia dirishani kunitazama, kisha anamjibu kwamba yupo.